Maji Aliyopuliziwa Mtani

Hilari Lugembe alikuwa mchochea moto katika meli iliyokuwa ikienda na kurudi Ziwa Tanganyika, toka Kigoma hadi ncha ya kusini. Abiria walishuka Kigoma wakisifu upepo na milima ya Kongo waliyoiona ng'ambo. Yeye hakuwa na la kusifu. Kazi yake ilikuwa chini, mahali ambapo ziwa halionekani bali husikika tu likipiga bati, na mtu huona mlango wa tanuri na rundo la kuni. Miaka ya moshi ilikuwa imempa kikohozi kikavu kilichomtangulia kila aendako. Mabaharia wenzake walisema hata akitaka kuiba hawezi.

Kwao kulikuwa Tabora. Baba yake, marehemu mzee Lugembe, alikuwa mpagazi wa misafara enzi za biashara ya pembe za ndovu. Alitembea na mzigo begani toka Ujiji hadi Tabora, na toka Tabora hadi pwani, na huko njiani akashikamana na Mzaramo mmoja wakawa watani. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo hauhitaji kuelezwa kwa mtu aliyekaa Tabora. Mtani hukutukana nawe humkasirikii. Huchukua kuku wako nawe humdai. Siku ya msiba yeye ndiye huchimba kaburi, na huigiza sauti na mwendo wa watu mpaka wafiwa wacheke katikati ya kilio. Na analosema mtani haliwekwi moyoni. Hiyo ndiyo sheria yenyewe, maana lingewekwa moyoni watu wangeuana.

Wazee wale wawili walipokufa, utani ulirithiwa. Mfaume, mtoto wa yule Mzaramo, alikuwa mpakuzi wa mizigo pale stesheni ya Tabora, na nyumba yake ya Kanyenye ilipakana na ya Mama Minza, mama yake Hilari. Kila Hilari aliposhuka kwenye garimoshi, Mfaume alikuwa akimngoja na uso wa msiba.

"Umechelewa, mtumwa wangu," angesema. "Mama yako tumemzika jana. Wallahi, safari hii si utani. Mbuzi nimeshachukua mimi."

"Afadhali umchukue mbuzi," Hilari angejibu. "Mzaramo akimwona mbuzi anadhani ni mjomba wake."

Wangekwenda hivyo mpaka Kanyenye, na Mama Minza akiwasikia kutoka mbali angetoka mlangoni na kupiga kelele, "Mfaume! Leo umenizika wapi?"

Lakini ndani ya kicheko hicho mlikuwa na jambo ambalo Mfaume hakuligusa hata kwa utani. Mzee Lugembe alipofariki, Hilari alikuwa kusini ya ziwa. Habari ilimfikia, akaja baada ya matanga kuanuliwa, akalia, akala, na kabla jua halijazama akauliza garimoshi la Kigoma linaondoka saa ngapi. Mama yake alimtazama kwa muda mrefu. Hakumfokea. Ila tangu siku ile hakumpulizia maji.

Kwa watu wa kule, mzazi aliyeudhika hasemi tu kwamba amesamehe, mambo yakaisha. Hutia maji mdomoni, akampulizia mwanawe kifuani, na uchungu hutoka pamoja na maji. Padre wa misheni alimwonya Mama Minza mara moja juu ya jambo hilo. Alimjibu kwa adabu kwamba padre ana maji yake na yeye ana yake.

"Maji yako ninayo," Mama Minza alimwambia Hilari. "Siku utakayokuja bila kuuliza garimoshi linaondoka saa ngapi, nitakupulizia. Siku hiyo nitajua nimetembelewa na mtoto, si na abiria."

Hilari alikuja tena, na tena, kila meli ilipolala Kigoma siku mbili tatu. Kila mara alijikaza asiulize, na kila mara aliuliza. Si kwamba hakumpenda mama yake. Meli haimngoji mchochea moto, na kazi ile ilikuwa na watu waliokuwa wakiinyemelea. Lakini alikuwa mtu mzima sasa, mwenye mvi juu ya masikio, na jambo lile lilikuwa likimkaa kifuani kuliko moshi. Mwaka ule, 1937, alimwendea nyapara wake akaomba likizo ya mwezi mzima. Nyapara alizunguka, alisema hili na lile, mwishowe akakubali kwa sharti moja: Hilari amalize safari nyingine ya kusini kwanza, kwa kuwa mwenzake wa zamu alikuwa na homa. Akikosa safari hiyo, likizo haipo.

Ndipo ujumbe ulipokuja.

Uliletwa na Yoramu, gadi wa garimoshi. Yoramu alizoea kubeba maneno ya watani hawa wawili kati ya Tabora na Kigoma, na aliyapenda kama mtu apendavyo tumbaku. Alimkuta Hilari gatini, meli ikipakia chumvi, akaanza kucheka kabla hajafika.

"Mtani wako anakusalimu. Anasema mama yako yu hoi kitandani, hali chakula, anakuita. Uende upesi. Anasema, wallahi safari hii si utani."

"Safari hii si utani!" Hilari aliangua kicheko mpaka kikohozi kikamshika. "Mwambie kaburi alichimbe refu, na akishalichimba alipime kwa kulala yeye mwenyewe. Na mbuzi amwache, nakuja kumla mwezi ujao."

Yoramu alikwenda zake akiyarudia maneno yale midomoni ili asiyapoteze.

Jioni ile meli haikung'oa nanga. Hilari na baharia mwenzake, Bernardo, walitembea hadi Ujiji kuwasalimu marafiki, kama walivyozoea. Walifikia kwa Bi Siwema, Mmanyema aliyekuwa akiuza mawese na migebuka, samaki wakavu wa ziwani, karibu na mahali pa soko la zamani. Mume wake alikuwa amefanya kazi melini kabla hajafa, na mama huyu hakuacha kuwapikia watu wa meli. Walikula ugali na samaki, na Bernardo akasimulia ujumbe wa Mfaume kwa mbwembwe zote. Ua mzima ulicheka. Bi Siwema peke yake aliendelea kutoa miiba katika samaki wake.

"Na kama ni kweli?" aliuliza.

"Bi Siwema, wewe hutujui," Hilari alisema. "Mfaume amemzika mama yangu mara nyingi kuliko vidole vyako na vyangu."

"Nasema, kama safari hii ni kweli, angekuambiaje?"

Hilari aliiweka sahani chini. Alikunywa maji. Kisha alisema kile alichokuwa akijiambia tangu mchana, kwamba hata kama mama anaumwa kidogo, akienda leo itambidi kesho kutwa arudi, na atauliza tena saa ya garimoshi, na mama atamtazama vilevile. Akisubiri safari moja tu, ana mwezi mzima. Alimwomba Bi Siwema amwekee mkeka mzuri wa Ujiji na mtungi mdogo wa mawese, atakaporudi avichukue ampelekee mama.

"Nitakuwekea," alisema Bi Siwema, akarudi kwenye miiba ya samaki wake.

Meli ikaenda kusini. Kule chini, mbele ya mlango wa tanuri, Hilari alikuwa na sentensi moja aliyoitengeneza kama fundi atengenezavyo kiti. Alitaka kuisema akiwa bado amesimama mlangoni, kabla hajapewa kigoda: "Mama, sikuja na kurudi. Nimekuja kukaa." Aliisema akitupa gogo, akaisema akichota majivu. Bernardo, aliyeshuka kumletea chai, alimkuta akiisema kwa sauti, akauliza anaongea na nani.

"Naongea na mama."

"Mwambie akuonee huruma akupe mke, uache kuongea na moto."

Waliporudi Kigoma, Hilari alipita Ujiji kuchukua mkeka na mawese, akapanda garimoshi. Njia yote alikaa na mkeka mapajani. Vituo vilipita, misitu ya miombo ikapita, akasinzia, akaamka. Asubuhi garimoshi likaingia Tabora. Alichungulia dirishani na kumwona Mfaume mahali pake pa siku zote, karibu na mkokoteni wa mizigo.

Hilari alishuka akiwa na tusi tayari ulimini. Lakini Mfaume alivua kofia. Alikuja taratibu, akaupokea mkeka na mtungi kutoka mikononi mwa Hilari, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani, akasema kwa sauti ya chini, "Karibu, Bwana Hilari. Pole na safari."

Hakumtukana. Hakumwita mtumwa. Akasimama tu na mkeka begani.

Hilari akajua. Aliangalia ile kofia mkononi mwa Mfaume, akaketi juu ya mkokoteni.

"Lini?" aliuliza.

"Meli yako ilikuwa huko kusini. Tulimzika Jumamosi. Nilituma, Hilari. Nilimwambia Yoramu akuambie si utani."

"Aliniambia," Hilari alisema. "Alinieleza vizuri sana."

Nyumbani Kanyenye dada yake, Imakulata, alimpokea akiwa amenyoa nywele kwa ajili ya msiba. Walilia pamoja. Mkeka wa Ujiji ulikuwa umeegemezwa ukutani, umefungwa bado, na watu waliokuja kutoa pole waliupita kando kama wampitavyo mtu. Kilio kilipotulia Hilari aliuliza swali moja tu.

"Alisema nini juu yangu?"

Imakulata aliinuka. Alikwenda mlangoni, akatazama ua wa Mfaume, akarudi akaketi.

"Kaka, afadhali nikuambie mimi kuliko uyasikie kisimani. Macho ya mama yalikuwa yamekwisha. Kutwa nzima aliuliza, 'Hilari amefika?' Nasema bado. 'Hilari amefika?' Bado, mama. Mfaume akaingia kumjulia hali. Unajua anavyofanya. Akakohoa kikohozi chako pale mlangoni, akaburuta miguu kama wewe. Ni utani wake wa kila siku, mama huucheka. Tulitaka acheke hata kidogo. Lakini hakucheka. Akasema, 'Hilari.'"

"Halafu?"

"Mfaume akanitazama. Mimi sikusema kitu, kaka. Ningesema nini? Akaitika, 'Naam, mama.' Mama akamwuliza, 'Garimoshi linaondoka saa ngapi?' Akajibu, 'Mama, sikuja na kurudi. Nimekuja kukaa.'"

Hilari alishika kigoda kwa mikono yote miwili.

"Akasemaje tena?"

"Akaomba maji. Nilimpa mimi mwenyewe, kwa kata. Nikamshikia mpaka mdomoni. Akampulizia kifuani. Mara mbili, mara ya pili kidogo tu, pumzi haikutosha. Akasema, 'Sasa nimetembelewa.' Basi. Alfajiri akatutoka."

Hilari aliinuka. Majirani waliokuwa uani walimwona akitoka na kusimama karibu na ua wa matete uliotenga nyumba mbili zile. Mfaume alikuwa upande wa pili akipasua kuni, na alipomwona aliweka shoka chini.

"Amekuambia," Mfaume alisema.

"Neno lile umelitoa wapi?"

"Neno lipi?"

"Sikuja na kurudi, nimekuja kukaa. Nani alikupa?"

"Hakuna aliyenipa. Nilifikiri, Hilari angekuwa hapa angesema nini? Nikasema hilo."

"Lilikuwa langu," Hilari alisema. "Nimelibeba ziwa zima. Nimekuja nalo kwenye garimoshi. Ukalitoa wewe, mtu wa kuiga kikohozi."

"Ningemwambia mama yako nini? 'Mimi ni Mfaume, mwanao hataki kuja'? Afe hivyo?"

"Sikukataa kuja!"

"Najua," Mfaume alisema. "Ulidhani natania."

Maneno hayo yalisemwa kwa upole, nayo yalimwingia Hilari vibaya kuliko tusi lolote. Aliuliza liko wapi shati ambalo Mfaume alilivaa siku ile, lile lililopuliziwa maji. Mfaume alijibu kwamba mke wake alilifua baada ya mazishi, maana lilijaa udongo wa kaburi.

Imakulata ndiye aliyefikiri la kufanya. Alisema, mama alimkusudia Hilari, Mfaume alikuwa chombo tu. Basi Mfaume ayachukue maji, ampulizie Hilari, apeleke kile alichopewa mahali kilipokusudiwa. Mzee mmoja wa ukoo, Mayala, aliyekuja kutoka Goweko kwa ajili ya msiba, alikuna kichwa, akasema hajawahi kusikia jambo kama hilo, lakini haoni ubaya wake. Hilari alikubali. Alikubali haraka mno, kama mtu aliyeogopa kwamba watabadili mawazo.

Walifanya mchana, uani, wafiwa na majirani wakiwapo. Hilari alivua shati akaketi juu ya ule mkeka wa Ujiji, uliofunguliwa kwa mara ya kwanza. Imakulata alimpa Mfaume kata ya maji. Mfaume alisimama mbele ya Hilari, mashavu yamejaa, macho yamemtoka kwa kujikaza.

Sasa, pale uani walikuwapo watu wengi waliokuja kutoka mbali kidogo, ambao hawakujua kilichopita. Walichokiona ni Mzaramo amesimama na maji mdomoni mbele ya Mnyamwezi aliyefiwa, kifua wazi, na hilo ni jambo wanalolijua tangu utoto. Mwanamke mmoja akacheka. Wa pili akapiga vigelegele. Mwanamume nyuma akaita, "Mwogeshe! Hao hawaogi mpaka wafiwe!"

Mfaume alijitahidi. Kila aliyekuwa karibu aliona alivyojitahidi. Alifumba macho, mabega yakamtikisika, lakini kicheko cha watu kilimvuta kama ngoma imvutavyo mchezaji, na mdomo ule haukuwa umezoea njia nyingine yoyote mbele ya Hilari. Ukapasuka. Maji yote yalimpiga Hilari usoni, na pamoja nayo, kabla Mfaume hajajizuia, likatoka neno:

"Kunywa, mtumwa!"

Ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Hata mzee Mayala alicheka, kisha akajifunika mdomo.

Mfaume alibaki amesimama na kata mkononi. "Hilari," alisema. "Hilari, niache nirudie. Nitarudia vizuri. Imakulata, niongeze maji."

Hilari alijifuta uso kwa kiganja. Kifua chake kilikuwa kikavu. Aliokota shati lake akalivaa, akafunga vifungo kimoja kimoja mpaka cha juu.

"Imetosha," alisema. "Linaondoka saa ngapi?"

Wote walijua saa yenyewe. Imakulata aligeuka akaingia ndani.

Mfaume alimsindikiza stesheni, hatua chache nyuma yake. Hilari alipokwisha kukaa dirishani, Mfaume alisimama chini yake, akaivaa kofia yake vizuri, akaanza. Alimwita mbeba mizigo. Alimwita mla mchwa. Alisema garimoshi litaanguka kwa uzito wa uvivu wake. Sauti yake ilikuwa juu kama siku zote, na wapakuzi wenzake walisogea kusikiliza, maana watani hawa walipendwa. Baada ya kila tusi alinyamaza kidogo na kuinua uso, akingoja. Hilari alikuwa na jibu. Lilikuwa zuri, lilimjia lenyewe bila kuitwa, la mbuzi na mjomba. Alilimeza. Garimoshi liliondoka, na Mfaume akatembea sambamba nalo mpaka mwisho wa jukwaa, bado akitukana, na sasa sauti ikiwa imepasuka.

Nyapara alishangaa kumwona Hilari amerudi wakati sehemu kubwa ya mwezi wake bado ipo.

"Mama mzima?" aliuliza.

"Nilichelewa," alisema Hilari, akashuka chini kwenye kuni.

Safari nyingi zilipita. Bi Siwema aliwapikia watu wa meli kama kawaida, na Hilari alipokwenda kwake hakuulizwa habari za mkeka. Siku moja, meli ikipakia, Yoramu gadi alikuja gatini. Alikuwa akicheka tangu mbali, ingawa si sana kama zamani, maana alikuwa amekaa muda mrefu bila neno la kubeba.

"Leo ninalo!" alisema. "Mtani wako amekufa. Ndivyo anavyosema, amekufa kabisa, amelala chali, anangoja uende umzike kwa kuwa hana mtani mwingine. Na anasema, wallahi, safari hii ni utani."

Hilari alikuwa na gogo begani. Alisimama nalo kidogo.

"Mwambie nimesikia."

Yoramu aliendelea kumtazama, mdomo umefunguka tayari kwa kicheko, akingoja sehemu iliyobaki ili aibebe hadi Tabora.

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu," alisema Hilari, akapita na gogo lake kuelekea melini.